Kumbukumbu ya mradi: sura nne za kiongozi ndani ya daftari moja

Lengo ni hili: mwenyekiti wa kikundi, meneja wa duka, mwalimu mkuu au kiongozi wa kwaya aweze kutambua, kikao kikiwa bado kinaendelea, ni sura ipi ya nafsi inayosema kwa mdomo wake, kisha aite nyingine pale inapohitajika. Muda ni wiki 12. Vifaa: daftari la kurasa 96, kalamu mbili za rangi tofauti, saa, na mtu mmoja wa kuaminika wa kuhesabu wakati wa kikao.

Msingi ni wa Carl Gustav Jung, daktari wa akili wa Uswisi (1875–1961), aliyeanza kutumia neno arketaipu mwaka 1919. Kwake arketaipu si picha yenyewe, bali ni mwelekeo tunaozaliwa nao wa kuona mambo na kutenda kwa namna fulani. Picha tunapewa na utamaduni. Ndiyo maana Pwani ina Fumo Liyongo na Abunuwasi, na huko bara sungura na fisi wanafundisha watoto hadi leo. Mgawanyo wa sura nne, yaani Mfalme, Shujaa, Mjuzi na Mpenzi, umetoka kwa Wamarekani wawili, Robert Moore na Douglas Gillette, mwaka 1990. Wao waliandika kuhusu wanaume. Mradi huu unazitumia kwa wote, na Malkia anakaa kiti kilekile cha Mfalme.

Wiki ya 1 hadi ya 3: kukusanya tu

Kila jioni dakika 15, tukio moja, safu nne. Ya kwanza: maneno yaliyosemwa, kama yalivyosemwa. Ya pili: mwili (taya, mabega, pumzi, sauti). Ya tatu: sura. Ya nne huachwa wazi na kujazwa siku mbili baadaye: kilitokea nini baada ya hapo?

Safu ya tatu isijazwe kabisa mpaka wiki ya 4. Wengi hukosea hapa. Mtu akianza kutaja sura siku ya kwanza, atajiona Shujaa kila jioni, na kuanzia hapo anakusanya ushahidi wa kujisifu. Kosa la pili ni kuandika hukumu badala ya maneno. “Alinidharau” haisaidii chochote. “Alisema ‘tutaona’, akafunga mkoba” inasaidia sana, kwa sababu wiki ya 5 unaweza kurudi na kuisoma upya kwa jicho jingine.

Wiki ya 4: kutaja

Sasa chukua kalamu ya pili, upitie matukio yote. Mfalme hupanga, hutambua watu na kutuliza. Shujaa huweka mpaka, hukata shauri na kumaliza kazi. Mjuzi hurudi nyuma hatua moja na kupima. Mpenzi huona watu wakoje, husikia ukimya wa chumba. Tukio lisiloingia popote liachwe, usililazimishe.

Kwa viongozi wengi safu ya tatu itarudia jina moja. Tusisitize jambo hili, maana ndiko uliko moyo wa mradi: kiongozi hakosi sura, ila ana moja aliyoizoea anayoitumia kwa kila kitu. Liyongo analionyesha hilo kuliko maelezo yoyote. Kisa kinasema alipochomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, alikwenda kisimani, akapiga goti na kuvuta upinde, akafia hapohapo akiwa vilevile. Watu waliona upinde umevutwa, wakaogopa kusogea. Mji ukakosa maji siku kadhaa, mpaka wakamwendea mama yake akambembeleze. Hivyo ndivyo Shujaa alivyo pale kazi yake inapokwisha naye hajui kushusha upinde: kisima ni cha wote, lakini hakuna anayethubutu kuteka. Katika daftari utamkuta kwenye safu ya nne: “hakuna aliyeuliza swali”, “walikubali wote”, kisha wiki moja baadaye “hawakufanya”.

Wiki ya 5 na ya 6: kivuli

Kivuli ni upande wa nafsi ambao mtu hataki kuuona kwake, na huuona haraka kwa wengine. Kila sura ina vivuli viwili, kimoja cha kuzidi na kimoja cha kupungua. Mfalme ana Dhalimu na Dhaifu. Shujaa ana Mkatili na yule anayekubali kuumizwa kila siku bila kusema. Mjuzi ana Mlaghai anayeficha anachojua, na mwenzake anayejifanya hajui. Mpenzi ana asiyejizuia, na aliyepoa hata hasikii kitu.

Zoezi: orodhesha tabia tano za watu wengine zinazokuchoma. Kwa kila moja tafuta ndani ya daftari tukio ambalo wewe ulifanya jambo la jamii hiyo. Usipoipata hata moja, mpe daftari yule mtu wako wa kuaminika akutafutie. Tahadhari: zoezi hili likifukua maumivu makubwa ya zamani, lisimame, huo ni mlango wa mshauri nasaha, si wa daftari.

Vivuli viwili vya sura moja hupokezana. Wachelewaji wakiachwa mara tatu bila neno, mara ya nne watafokewa mbele ya wote: Dhaifu amemwachia Dhalimu zamu. Dawa yake ni mpaka mdogo siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida.

Wiki ya 7 hadi ya 10: kikaoni

Wanachama waambiwe kwanza na wakubali. Katibu au mwingine anahesabu kwa dakika 30 za katikati: dakika ambazo kiongozi anazungumza, maswali yake, maagizo yake, na mara alizokatiza mtu. “Hamwoni kwamba tumechelewa?” ihesabiwe kuwa agizo, si swali. Hesabu ya kikao cha kwanza itupwe, kwa sababu kila mtu hujitengeneza anapojua anahesabiwa.

Mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mwanachama hajaleta marejesho miezi miwili. Mjuzi aanze: “Katibu, tusomee marejesho ya miezi sita, tuone yalianza kukatika lini.” Shujaa: “Katiba yetu inasema faini kuanzia mwezi wa pili. Iandikwe leo.” Mfalme afunge: “Utaratibu uko palepale, na mama yetu ni mwenzetu palepale. Tupange tarehe.” Mpenzi yuko wapi? Alishafanya kazi yake siku iliyotangulia, pembeni: “Shikamoo mama. Nimeona biashara imetulia, nyumbani kukoje?” Swali hilo likiulizwa mbele ya watu 25 linageuka fedheha, hata kama lina huruma. Na faini ikitangulia kabla ya hesabu kusomwa, ugomvi utahusu heshima, fedha zitasahaulika.

Kubadili sura katikati ya kikao kunahitaji ishara ya mwili, maana akili huchelewa. Inayofanya kazi: weka kalamu chini, egemea kiti, toa pumzi moja ndefu, kisha uliza swali lisilo na jibu la ndiyo au hapana. Bila kuweka kalamu chini, wengi huendelea kuagiza kwa sauti ya kuuliza.

Marekebisho ya wiki ya 10

Tumeongeza safu ya tano: “nani alijua jambo hili kabla yangu?” Sababu yake ni kisa kinachotuhusu. Mwaka 1925 Jung alipita Mombasa na Nairobi hadi miteremko ya Mlima Elgon, akizungumza na wenyeji kwa Kiswahili. Katika kumbukumbu zake anamtaja mganga mzee aliyemweleza kuwa zamani waganga waliota, wakajua kama vita au maradhi yanakuja. Tangu Wazungu waje hakuna aotaye tena, kwa kuwa Waingereza wanajua kila kitu. Kiongozi mwenye jibu kwa kila jambo huwafanyia watu wake vilevile. Mweka hazina anaona kasoro kwenye leja, ananyamaza, kwa kuwa mwenyekiti anajua. Safu ya tano ikibaki tupu wiki mbili mfululizo, kikao kinachofuata kifunguliwe na mwanachama mwingine, na kiongozi azungumze wa mwisho.

Zimebaki wiki mbili. Wiki ya 11 hesabu ya dakika 30 inarudiwa na mhesabu yuleyule, ajenda ikiwa ya uzito uleule, la sivyo namba hazilinganishiki. Wiki ya 12 daftari linasomwa kuanzia ukurasa wa kwanza, safu ya nne pekee. Majina ya sura hayatangazwi kwa wanachama, wala hayatumiki kuajiri au kupandisha cheo. Hiki si kipimo cha tabia, na mtu akishabandikwa jina la Dhaifu mbele ya wenzake, kulibandua ni kazi ya miaka.