Kalori za Shemeji

Saa yenyewe haikuwa yangu. Shemeji, mume wa dada, aliinunua Kariakoo mwanzoni mwa 2023 baada ya daktari kumwambia apunguze mwili. Akatembea nayo wiki mbili, kisha ikahamia kwenye droo pamoja na rimoti zilizokufa. Aliposikia nimeanza kukimbia asubuhi, akanivisha mkononi mwenyewe. "Shem, chukua. Mimi imeshanishinda."

Kwa wiki sita nilikimbia nayo kila Jumanne, Alhamisi na Jumapili: naanzia Coco Beach, navuka Daraja la Tanzanite, naenda mpaka Ocean Road na kurudi. Kilomita tisa. Daraja lilikuwa na mwaka mmoja tu tangu lifunguliwe, na alfajiri lilikuwa letu, sisi na zile jogging za mitaani zinazopita zikiimba na kupiga makofi utadhani zinakwenda kumchukua bibi harusi.

Kabla ya saa, hesabu yangu ya kalori nilikuwa nimepewa na kocha wa jogging ya mtaani kwetu. Zidisha kilo zako kwa kilomita ulizokimbia, basi. Nikaidharau. Hesabu gani hiyo, haiulizi hata umekimbia kwa muda gani? Saa ilikuwa na taa za kijani zinazosoma mapigo ya moyo, ilikuwa inaongea na setilaiti. Kocha alikuwa na filimbi.

Jumapili ninayoizungumzia nilivuka daraja kama ninayefukuzwa na mbwa, maana nilijiaminisha kwamba kasi ndiyo inayochoma. Jua lilikuwa halijapanda vizuri lakini fulana ilikuwa ya kukamua. Nikaizima saa: kalori 970. Nikapanda bajaji mpaka Sinza kwa dada, ambako Jumapili ni chapati za kusukuma na supu ya mbuzi.

Nikala ya kwanza, nikala ya pili. Nilipogusa ya tatu dada akanitazama bila kusema kitu, yale macho ya mtu aliyekubeba mgongoni. Nikamwonyesha mkono. "Mia tisa na sabini, dada. Hizi nimeshazilipia."

Binti yao, wakati huo kidato cha tatu, alikuwa anachezea kijiko. Akauliza tu, bila hila yoyote: "Mama mdogo, saa inajuaje kama una kilo ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Nikaivua, tukaingia kwenye mipangilio. Jinsia: mwanaume. Umri: 49. Urefu: sentimita 181. Uzito: kilo 96.

Dada alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Shemeji akajipapasa tumbo. "Kumbe siku zote hizi nimekuwa nakimbia mimi!"

Mimi nilikuwa na kilo 60. Na hapo ndipo filimbi ya kocha ilipolia kichwani. Nikamwambia mtoto ile kanuni, akachukua kalamu na bahasha ya zamani. Kilo 96 mara kilomita tisa, 864. Kilo 60 mara tisa, 540. Tofauti 324 kwa kila mbio. Mbio zilikuwa kumi na nane: kalori 5,832 ambazo sikuwahi kuzichoma, ila kuzila nilizila. Akaandika pembeni "kilokalori", akanieleza kwamba hizi tunazoziita kalori kwenye chakula, kila moja ina kalori elfu moja za maabara. Nikamwambia aendelee tu.

Shemeji akataka kunitetea. "Lakini leo si amekimbia kwa kasi? Na jasho lile lote?"

Jasho ni maji, bwana. Nilikunywa chupa mbili kabla ya saa nne na yote yakarudi. Kasi nayo ilinisaliti. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 1963 mwanasayansi wa Italia, Rodolfo Margaria, na wenzake walipima hewa ya oksijeni wanayotumia wakimbiaji, wakakuta karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, na kwamba kasi haibadilishi sana hesabu hiyo. Ukikimbia haraka unachoma haraka, lakini kilomita unaimaliza mapema. Kumbe kocha alikuwa ananipa Margaria na mimi namwona mtu wa filimbi.

Lililonisumbua zaidi ni ile pengo ya kati ya 864 na 970. Jibu lake lilinikera. Hata ukilala kitandani mwili unachoma, kwa makadirio kalori moja kwa kila kilo kwa saa. Kwa kilo 96, saa moja na dakika nane zangu za barabarani zinafika kama 109. Saa ilikuwa inajumlisha na hizo, yaani sehemu ya chapati nilizojisifia ningezipata hata kama nisingeamka.

Mtoto alikuwa hajamaliza. Alichukua simu ya baba yake, akatafuta, akasema kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Akagawanya. "Mama mdogo, saa imekuongezea kama robo tatu ya kilo."

"Mbona nimeongezeka mbili? Nilianza na 58."

Akaangalia bahasha, akaniangalia mimi. Dada akaisogeza sahani ya chapati upande wa pili wa meza, taratibu, kama anayepisha vyombo.

Jumanne iliyofuata nilikuwa nimeingiza taarifa zangu: mwanamke, kilo 60. Njia ileile, kilomita zilezile tisa, mwendo wa kawaida. Nilipofika Coco nikainua mkono: 604. Nikasimama pale nikiitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu na konda ameshaondoka. Bahati yangu ilikuwa moja tu, wakaanga mihogo walikuwa bado hawajawasha majiko.