Dume wa njano: jinsi nilivyotuliza ugomvi na uzazi katika tangi langu la samaki

Samaki sita niliowanunua Dar es Salaam mwezi Februari 2022 walikuwa wa bluu wote, wenye mistari myeusi ya kusimama ubavuni, na aliyeniuzia alinihakikishia kwa maneno haya: “Mzee, chukua hawa wa rangi moja, ni ndugu, hawatagombana.” Niliwasafirisha usiku kwa basi hadi Moshi, wakiwa ndani ya mfuko uliojazwa hewa na kuwekwa katika ndoo yenye mfuniko, na asubuhi nikawatia katika tangi ambalo fundi wa vioo alikuwa amenitengenezea kwa ajili ya sebule yetu ya Pasua. Tangi hilo lina urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kina cha 50, yaani lita 270 likijazwa hadi ukingoni. Kwa miezi minne nyumba nzima ilifurahia. Kisha mmoja wao akaanza kupauka kichwani, rangi ya bluu ikamtoka kidogo kidogo kama kitambaa kilichoanikwa juani, nami nikadhani ni ugonjwa na nikaanza kumtibu kwa chumvi.

Hakuwa mgonjwa, bali alikuwa amebalehe. Samaki hawa, ambao jina lao la kitaalamu ni Maylandia lombardoi, wana tabia iliyo kinyume na jamaa zao wengi: watoto wa jinsia zote mbili huzaliwa wakiwa na bluu, majike hubaki na bluu hiyo, na dume anapokomaa na kushika utawala hugeuka kuwa wa njano. Asili yao ni kisiwa cha Mbenji, upande wa Malawi wa Ziwa Nyasa, nao ni katika kundi la samaki wa miambani ambao wenyeji wa ziwa hilo huwaita mbuna. Msomaji wa Mwanza atawaelewa upesi nikisema kwamba ni ukoo mmoja na furu na sato wa Ziwa Victoria, na kwamba jike wao, kama jike wa sato, huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Ziwani, samaki anayefukuzwa hukimbilia kwenye mwamba mwingine na ugomvi ukaishia hapo. Katika tangi langu aliyefukuzwa alikuwa akigonga kioo na kurudi kulekule alikotoka, na aliyemfukuza alichukulia kurudi huko kuwa ni uchokozi mpya.

Dume wa pili alipoanza kuwa wa njano hakumaliza wiki mbili. Nilimkuta asubuhi moja juu kabisa ya maji, amejibana nyuma ya filta, mkia umeliwa hadi kwenye nyama na magamba ya ubavu mmoja yametoka. Kwa kuwa hakuwa na matumaini ya kupona, nilitumia njia ambayo wafugaji wa samaki wa mapambo wanaifahamu, nayo ni mafuta ya karafuu, yaleyale tunayopaka kwenye jino linalouma. Nilitia matone machache katika chupa ndogo ya maji ya uvuguvugu, nikaitikisa mpaka maji yakawa meupe, kisha nikayamimina polepole katika bakuli alimokuwamo. Alilala bila kuhangaika, nikaongeza dozi, na baada ya matamvua kuacha kabisa kucheza nikamwacha humo muda mrefu ili niwe na hakika. Naieleza hatua hii kwa sababu nimeona watu wakimtupa samaki wa namna hiyo chooni akiwa hai, jambo ambalo silikubali.

Katika mwezi huohuo uzazi ulianza. Jike mmoja aliacha kula, koo likavimba, na kila wenzake walipokuja juu kupokea chakula yeye alibaki kwenye kona akitafuna hewa. Hali hiyo huendelea kwa takriban wiki tatu, na muda wote huo mama hali kitu au hula kidogo sana. Ningewaacha watoto wake watoke humohumo tangini, karibu wote wangeliwa na wakubwa na tatizo lisingekuwepo, lakini binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tano, alimwonea huruma mama huyo na kuniomba nimhamishie kwenye ndoo. Nilikubali. Tulihesabu vifaranga 31. Jike wa pili alituletea 27. Kabla ya Krismasi nilikuwa na beseni mbili na ndoo tatu kwenye korido, kila moja ikiwa na pampu yake ya hewa, na mke wangu alikuwa ameanza kuniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake.

Nakiri kwamba katika kipindi hicho nilikuwa nikiyachukua mambo hayo mawili, ugomvi na uzazi, kama matatizo mbalimbali, na kila nilichokifanya kwa ajili ya moja kiliharibu jingine. Yule jike wa kwanza, alipokwisha kutema vifaranga vyake ndooni, nilimrudisha tangini siku ileile akiwa amekonda, nikiamini kwamba wenzake watamkumbuka. Walimpokea kama mgeni. Dume alimfukuza mchana kutwa, na majike wengine, ambao hawakuwahi kumgusa, nao wakajiunga. Nilijifunza hapo kwamba samaki akikaa nje kwa wiki kadhaa nafasi yake huwa imekwisha kuchukuliwa, na kwamba kumrudisha kunahitaji kwanza kuvuruga kila kitu: kuhamisha mawe yote ili pasiwe na mwenye kwao, kumtia jioni taa ikiwa imezimwa, na kumpa siku kadhaa za kula na kunenepa kabla ya hapo.

Kosa la pili lilikuwa kumwondoa dume wa njano peke yake. Nilimpeleka kwa mfugaji mmoja wa Arusha mwenye tangi kubwa kuliko langu mara mbili na zaidi, nikarudi nyumbani na moyo mweupe. Ndani ya wiki mbili mmoja wa wale niliowahesabu kuwa majike alianza kupauka kichwani. Alikuwa dume tangu mwanzo, ila alikuwa ameificha njano yake chini ya bluu kwa kumwogopa mkubwa, na sasa kiti kilikuwa wazi. Alikuwa mkali kuliko aliyemtangulia.

Mfugaji wa Arusha ndiye aliyenifungua macho nilipompigia simu kulalamika. Aliniambia kwamba dume hapigani kwa sababu ya chakula wala kwa ubaya wa roho, bali analinda mahali pa kutagia, na kila kinachomfanya atake kuzaa kinamfanya pia atake kupiga. Aliniuliza nalisha nini. Nilimjibu kwa fahari kwamba nasaga dagaa wa Mwanza na kuwapa mara tatu kwa siku, naye akacheka. Mbuna wa jamii hii hukwangua mwani kwenye miamba. Ukiwashibisha kwa nyama ya samaki unawanenepesha, unawaharakishia mayai, na unawaweka katika hatari ya ugonjwa wa kuvimba tumbo unaoua haraka. Aliniuliza hita nimeiweka wapi. Ilikuwa nyuzi 28, kwa kuwa baridi ya Julai ya hapa kwetu ilikuwa imenitia hofu. Akaniambia niishushe.

Niliishusha kwa nusu nyuzi kila siku mpaka 25, nikaacha dagaa, na nikaanza kuwapa mchicha uliochovywa katika maji ya moto na kufungwa kwenye jiwe dogo, pamoja na punje chache za chakula cha kununua mara moja kwa siku. Wapo wafugaji wanaojaza tangi samaki wengi ili dume ashindwe kumchagua mmoja wa kumwonea, na kwa mwenye umeme wa uhakika njia hiyo hufanya kazi. Mimi sikuithubutu. Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, filta inasimama, na katika tangi lililojaa samaki wote huja juu kuhema. Nilishaliona hilo mara moja nikiwa na vifaranga vingi, na pampu ndogo ya betri niliyonayo haiwezi kuokoa kundi.

Kazi iliyonichukua muda mrefu, na ambayo naiona ndiyo iliyofaa zaidi kwa upande wa ugomvi, ni ya mawe. Mawe meusi ya volkano yenye matundu ni mengi Moshi, tena ni mepesi kuliko yanavyoonekana. Niliyasugua kwa brashi na maji matupu, bila sabuni, nikayaanika siku mbili, kisha nikayapanga katika vilima viwili vinavyofika karibu na uso wa maji, katikati nikaacha uwazi. Shabaha ilikuwa dume asiweze kulitazama tangi lote kutoka mahali pamoja, kwa maana asichokiona hakifukuzi. Awali nilikuwa nimeweka vyungu vya maua vilivyolala ubavu, nikidhani ni maficho, kumbe chungu chenye mlango mmoja ni gereza: jike aliyeingia humo alizuiwa na kung’atwa bila njia ya kutokea. Nilivitoboa vyote matako, na kila pango nililolijenga baadaye lilikuwa na milango miwili.

Fujo ilipungua, lakini majike waliendelea kuvimba koo, ingawa si mara kwa mara kama zamani. Ndipo nilipoamua kubaki na majike peke yao. Rangi ilikwisha kunidanganya, hivyo nilijifunza kuwakagua: unamshika samaki kwa mikono iliyolowa, unampindua tumbo juu kwa sekunde chache, na kuangalia matundu mawili yaliyo mbele ya pezi la chini. Kwa dume matundu hayo hukaribiana ukubwa. Kwa jike lile la nyuma, lililo upande wa mkia, ni pana zaidi. Kwa samaki chini ya sentimita sita sikuweza kutofautisha, ikanibidi nisubiri wakue.

Katika vifaranga 58 nilichagua majike sita, nikawaunganisha na majike watatu wa zamani. Dume mkali alikwenda Arusha. Waliobaki niliwapa jirani anayefuga kambare katika bwawa la saruji lisilo na mfereji wa kutokea, wakaliwa, na binti yangu hakuambiwa siku ile. Kuna aliyenishauri niwamwage Mto Karanga. Maji ya Karanga huishia bwawa la Nyumba ya Mungu na kisha Mto Pangani, ambako perege wa asili wamekwisha kusongwa na samaki walioletwa kutoka kwingine. Nisingependa kuwaongezea wengine.

Wale waliozoea gapi, samaki wadogo wa mapambo wanaozaa watoto hai, wanaweza kushangaa kwamba kuondoa madume kulitosha, maana jike wa gapi huhifadhi mbegu za dume na kuendelea kuzaa miezi kadhaa akiwa peke yake. Mbuna hawana akiba hiyo, kwani mayai yao hurutubishwa palepale yanapotagwa. Hata hivyo, mwezi mmoja baada ya dume kuondoka, mama mkubwa aliacha kula na koo likavimba. Binti yangu akaandaa ndoo na pampu ya hewa. Siku ya tano jike yule alikuja kwenye mchicha pamoja na wenzake, koo lake likiwa limerudi kama kawaida, mayai matupu ameyameza, na ndoo ikarudishwa bafuni.