Kupunguza uzito wa tandemu kwa shilingi laki tatu

Kabla sijanunua chochote, niliipeleka tandemu yetu, yaani baiskeli inayokanyagwa na watu wawili, kwa jirani anayenunua mahindi, tukaining'iniza kwenye mizani yake, nayo ikasoma kilo 23.6. Ni baiskeli ya zamani ya fremu ya chuma na magurudumu ya inchi 26, ambayo mwenyewe wa kwanza aliifunga kila kitu alichoona kinaweza kufungwa. Mimi huketi mbele kushika usukani na breki, na mdogo wangu, ambaye haoni, huketi nyuma na kukanyaga pedeli kwa nguvu kunizidi. Aliyemtia hamu ya mchezo huu ni Mkenya Douglas Sidialo, aliyepoteza uwezo wa kuona katika shambulio la bomu la Nairobi mwaka 1998 na baadaye akaendesha tandemu kutoka Cairo hadi Cape Town. Sisi safari yetu ni fupi mno: tunatoka Himo kupanda Marangu, huku Kilimanjaro, na mlima ule ndio uliotufanya tuanze kuhesabu kilo.

Hesabu yenyewe inatuliza tamaa. Sisi wawili tuna kilo 137, kwa hiyo pamoja na baiskeli tulikuwa tunapandisha kilo zipatazo 160, na kilo moja ikitoka katika mzigo huo haifiki hata asilimia 1. Katika mwinuko mkali ambako mwendo ni mdogo na upepo hauna kazi kubwa, kilo hiyo humwokolea mtu sekunde ishirini na kitu kwa kila saa ya kupanda. Nilipolinganisha hilo na bei za vipuri vya kaboni nilivyokuwa nikivitazama usiku, nikaacha kuvitazama.

Kilo za kwanza hazikutugharimu chochote, maana kwa kuondoa keria ya chuma, stendi na madigadi mawili tulipunguza kilo 2.1 kwa spana moja. Msimu wa mvua tutarudi tumejaa tope mgongoni, na hilo tumelikubali.

Fedha nyingi zaidi nilizielekeza kwenye matairi. Yale ya zamani yalikuwa mapana, yenye meno makubwa na waya wa chuma pembeni. Niliyabadilisha kwa matairi laini, membamba kiasi, ambayo pembeni yana nyuzi ngumu badala ya waya na hukunjika kama nguo. Jozi iligharimu shilingi 130,000 na kupunguza gramu 800, lakini faida yake kwenye lami inazidi uzito huo, kwa sababu meno yale yalikuwa yakila nguvu zetu hata kwenye tambarare. Sikuthubutu kwenda kwenye matairi membamba zaidi, kwani tairi la tandemu hubeba karibu mara mbili ya mzigo wa tairi la baiskeli ya kawaida na mashimo ya barabara hayatuhurumii.

Viti vyote viwili vilikuwa vya springi, kila kimoja kikiwa na zaidi ya kilo moja. Nilibadilisha changu tu. Anayeketi nyuma hukaa karibu na gurudumu, na kama haoni, hawezi kujiinua kabla ya shimo. Mimi nikisahau kumwambia, springi ndiyo inayomkinga. Bomba la kiti chake nililipatia la aluminiamu la mtumba, lakini bomba la kiti changu lilibaki la chuma, kwa kuwa usukani wake yeye umebanwa kwenye bomba hilohilo, naye akipanda mlima huuvuta kwa mikono yote miwili. Bomba jembamba la aluminiamu likibanwa na kuvutwa hivyo kila wiki linaweza kupasuka. Sukani zenyewe, zote mbili, ni za aluminiamu sasa.

Gurudumu la nyuma lilikuwa likikata spoki kila baada ya wiki chache. Lina spoki 40, na rimu ya matundu 40 sikuipata mahali popote, hivyo fundi alibakiza rimu na habu, akafunga spoki mpya zilizoagizwa Nairobi, nene kwenye ncha na nyembamba katikati. Mtu angedhani wembamba ni udhaifu, kumbe ile sehemu ya katikati hunyumbuka kidogo na kupunguza mkazo pale kwenye kona ya spoki ambapo ndipo hukatikia. Shilingi 80,000 pamoja na ufundi, na uzito uliopungua haukufika gramu 50! Hata hivyo, ningeambiwa nichague ununuzi mmoja tu, ningechagua huu.

Rafiki yetu mmoja alisisitiza tuondoe breki ya dramu iliyo upande wa kushoto wa gurudumu hilo, maana peke yake inapita kilo moja na tuna breki nyingine mbili za kubana rimu. Nilikataa. Mzigo kama wetu ukishuka mita 500, nishati inayopaswa kupotea ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji ya bomba. Upepo huchukua sehemu kubwa kwa anayeshuka kasi, lakini anayeshuka polepole kwenye kona nyingi huipeleka karibu yote kwenye breki. Rimu ikipata moto kupita kiasi, tyubu hupasuka, na abiria wangu hana namna ya kuliona jambo hilo likija. Dramu hupokea joto hilo mbali na tairi. Nilinunua na raba mpya za breki za rimu.

Sproketi za mnyororo wa kushoto, ule unaounganisha pedeli zetu, ni za chuma na nzito. Lakini zinatakiwa mbili zenye idadi sawa ya meno ili miguu yetu iende pamoja, na jozi ya aluminiamu niliyoionyeshwa ilikuwa shilingi 180,000 kwa gramu 200. Zimebaki.

Mizani ya jirani sasa inasoma kilo 19.2, ambayo kwa hesabu ileile ni kama dakika moja na nusu kwa saa ya mlima. Shilingi 5,000 zilizosalia zilinunua waya mpya wa breki ya dramu.