Kukojoa usiku kumbe shida ilikuwa miguuni

Jamani mi nilikuwa naamka kukojoa mpaka usingizi unakata kabisa, sukari nimepima iko poa, tezi dume safi, maji ya jioni nikapunguza na bado. Daktari mmoja akaniminya tu juu ya kifundo cha mguu, kidole kikaacha shimo, akauliza unasimama kutwa? Ndio, mi kinyozi. Akapima moyo na figo kwanza, viko sawa, ndo akaniambia maji yanashuka miguuni mchana, ukilala yanarudi kwenye damu, figo zinachuja, kibofu kinajaa. Sasa jioni najilaza miguu juu ya mito kama lisaa hivi, mkojo unatoka kabla sijalala, na mchana soksi za kubana (joto lake Dar usiseme). Siku hizi naamka mara moja, siku nyingine naamshwa na adhana.