Besi mkono wa kushoto

Nimeshuka jukwaani sasa hivi, vidole bado vina moto!

Nilikuwa na Yamaha MX61. Ni sinthesaiza (kinanda cha umeme chenye sauti za ala nyingi) ya bei nafuu, nyepesi kubeba, lakini sauti zake nyingi zimetoka kwenye Motif XS, ile kubwa ya studio.

Mpiga besi alipata dharura.
Nikagawa kibodi: kushoto besi, kulia piano, na vayolini nyuma yake kwa mbali.

Basi kufika kiitikio, mpiga dramu akageuka kunitazama. Besi yangu na ile ngoma yake ya mguu vilikuwa vimeshikana, vinapiga kama moyo mmoja. Mwili ukanisisimka wote.

Wapiga kinanda wenzangu, ninyi mnagawia wapi? Mimi chini kidogo ya Do ya kati (noti iliyo karibu na katikati ya kibodi), mkono wa kulia upate nafasi.