Nyuki watatu wasio na kwao

Nilikuwa fildi Mtwara, mwaka wa pili chuo. Ofisi niliyopangiwa walikuwa na boksi la mbao stoo, limelala juu ya mafaili, ndani nyuki wamechomwa pini wamepangwa mistari, na chini ya kila mmoja kikaratasi kidogo kama kucha: Lindi, Newala, Masasi, tarehe, miaka ya 50 huko. Joto la pwani na unyevu mnavijua, karibu nusu walishaliwa na wadudu, imebaki pini na vumbi. Hizo pini za shaba zilitoa kutu ya kijani, ikavimba pale inapoingia mgongoni mpaka mgongo ukapasuka. Iliniuma kweli.

Dada aliyekuwa ananisimamia akanielewesha kwa upole: mdogo wangu, nyuki wetu wa pwani ni wadogo kuliko wa bara, mtaalamu wa nyuki F. G. Smith ndo aliwapa jina la kisayansi la litorea mwaka 1961, sasa utajuaje wa leo ni walewale kama huna wa zamani wa kulinganisha? Akanihadithia kwamba Uswisi walisoma DNA ya nyuki 22 wa makumbusho ya Bern, wajue walikuwaje kabla nyuki wa nje hawajaletwa kwa wingi. Mguu mmoja tu unaweza kutoa DNA, nyuki mwenyewe anabaki kwenye pini yake.

Basi kazi yangu ikawa kupiga picha lebo na kupima mabawa kwa lenzi, ile mishipa ya bawa ndo inatofautisha jamii na jamii. Siku ya nne nimevua lebo za nyuki watatu nimezilaza mezani, umeme ulikuwa umekatika, ukarudi, feni ikazunguka, vikaratasi vyote vikaruka chini. Nikaviokota vyote vitatu, ila kipi cha nani? Nililia. Dada hakunigombeza, alichukua karatasi mpya akaniambia andika mwenyewe: mahali hapajulikani. Mara tatu.

Likizo nikaenda kwa babu Newala, ni mrina asali tangu ujana wake. Shikamoo babu, naomba nyuki kumi. Tukawatia kwenye kichupa cha spiriti, nikaandika kijiji, tarehe, jina la mtu. Babu akaniangalia, akasema mbona hujaandika mti, mjukuu wangu, mzinga uko kwenye mkorosho.

Nikaandika mkorosho.