Nilishangilia pointi 23 za mpwa wangu

Huku kwetu kusini mjomba si mtu wa kuja harusini, akala pilau na kuondoka. Mtoto wa dada yako akiumwa, akiposwa, akifeli au akifaulu, simu ya kwanza inakuja kwako. Ndiyo maana matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mwishoni mwa Januari, dada yangu aliye kijijini Newala hakumtafuta mwalimu yeyote. Alinipigia mimi, fundi cherehani wa Masasi niliyeishia darasa la saba.

"Kaka, wanasema yametoka. Hebu muangalizie mwanao."

Nikaenda kwa kijana mwenye stesheneri karibu na stendi. Tovuti ya Baraza la Mitihani ilikuwa inazunguka tu, maana siku ile nchi nzima ilikuwa humohumo. Kwa jina humpati mtu. Kila mtoto ni namba: herufi S, namba ya shule, mkwaju, halafu namba yake mwenyewe. Ya Zuhura nilikuwa nimeiandika nyuma ya risiti ya vifungo. Baada ya kama saa nzima ukurasa ukafunguka, kijana akanichapia mstari mmoja, AGGT ikiwa jumla ya pointi na DIV daraja:

AGGT 23, DIV III, CIV D, HIST C, GEO C, KISW B, ENGL D, PHY F, CHEM D, BIO C, B/MATH F.

Mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja ameshika karatasi yenye AGGT 12. Nikamwonea huruma kwelikweli. Nikatoka nje, nikampigia dada: "Amepata 23! Kuna mwenzake hapa ana 12 tu." Vigelegele nikavisikia simuni. Jioni hiyohiyo jogoo akachinjwa.

Aliyenizindua ni mwalimu wa sekondari, mteja wangu wa siku nyingi, alipokuja kuchukua suruali aliyoileta kupunguzwa kiuno. Nikamwonyesha karatasi kwa majivuno. Akaisoma, akaniangalia, akacheka mpaka akakaa kwenye benchi la wateja.

"Fundi, hapa tunahesabu kinyumenyume."

Akachukua chaki yangu ya kukatia, akaandika juu ya meza, pembeni ya kitambaa cha watu. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri kuliko mengine, wanajumlisha. Kiswahili 2. Historia, Jiografia na Baiolojia 3 kila moja, jumla 11. Uraia, Kiingereza na Kemia 4 kila moja, jumla 23. Zile F mbili, Fizikia na Hisabati, hazikuingia kwenye hesabu kabisa. Mwenye A saba anapata 7, na hakuna anayeweza kumpita. Daraja la kwanza linaishia 17, la pili ni 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na 34 au 35 ni sifuri.

"Kwa hiyo yule mzee wa 12..."

"Mtoto wake ana daraja la kwanza. Yeye ndiye angekuonea wewe huruma."

Nilimwambia dada kesho yake. Jogoo alishaliwa.

Daraja la tatu si kufeli. Lakini dada alikuwa na jambo lake: alitaka mtoto awe nesi. Alilitaka tangu Zuhura yuko darasa la tano, na wote kijijini walishalijua. Nilipomuuliza mwalimu, hakuangalia tena ile III. Alikwenda moja kwa moja kwenye herufi, kidole chake kikasimama kwenye Fizikia.

Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, unataka kwa uuguzi angalau ufaulu wa masomo manne, dini haihesabiwi, na kati ya hayo manne lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. D inatosha. Kemia anayo, Baiolojia anayo, Fizikia ni F. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa daraja ni la kusimuliana barazani tu. Chuoni wanauliza somo moja moja.

Na nililiona kwa macho. Jirani yangu wa banda la pili, fundi viatu, alikuwa amekunja karatasi ya mwanawe na kuiweka mfukoni kwa aibu: daraja la nne, pointi 26. Alishaanza kumtafutia pikipiki ya mkataba. Nikamwomba niione, sasa nikijifanya mtaalamu. Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D. Yule kijana wa daraja la nne alikuwa na sifa ya kuomba uuguzi, na Zuhura wetu wa daraja la tatu hakuwa nayo. Fundi viatu hakuniamini mpaka nilipomwita mwalimu amwambie mwenyewe. Kijana aliomba dirisha la vyuo vya afya lilipofunguliwa, akapata.

Dada hakukubali kirahisi, na hapa nusura tuliwe pesa. Kuna mtu alikuwa anapita vijijini na fomu za chuo fulani, sikitaji, anasema Fizikia si tatizo, "mtoto akishaingia mambo yanarekebishwa ndani kwa ndani". Fomu shilingi 30,000, halafu ada nusu kabla ya kuripoti. Dada alikuwa na kijisalio cha korosho za mnada wa mwisho na alishaanza kukihesabu. Nilichofanya ni kumsomea ule mwongozo kwenye simu, kipengele kwa kipengele, mara mbili. Nikamuuliza: akisoma miaka, halafu baraza la wauguzi likakataa kumsajili, tutamfuata nani? Akanyamaza muda mrefu, nikadhani salio limekwisha. Baadaye akasema, "Basi, mlete huko mzungumze naye. Mimi sijamuuliza."

Kweli, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Zuhura akashuka na kosta ya asubuhi. Alikaa juu ya marobota ya vitambaa, akawa anakunjakunja ncha ya mtandio. Nikamuuliza pale shuleni, walipojaza selform, ile fomu ya kuchagua masomo na vyuo vya baada ya kidato cha nne, alichagua nini. Akasema CBG: Kemia, Baiolojia na Jiografia. Kwa nini? "Mama anataka nivae nyeupe." Na wewe je? "Historia naipenda, mjomba. Na Kiswahili. Lakini Historia nitaajiriwa na nani?"

Sikuwa na jibu zuri, wala sitadanganya kwamba nilikuwa nalo. Mwalimu aliyataja aliyoyajua: ualimu, sheria, utumishi serikalini. Kisha akarudi kwenye chaki. Ili uchaguliwe kidato cha tano unatakiwa uwe na C au zaidi kwenye masomo matatu, dini ikiwekwa pembeni, na pointi za masomo yote saba zisizidi 25. Juu ya hapo, masomo matatu ya tahasusi yenyewe, yaani ule mchanganyiko kama CBG, yajumlishwe: yawe kati ya 3 na 10, na lisiwemo lenye F. CBG ya Zuhura ni 4 na 3 na 3, jumla 10. Imefika ukutani. HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, ni 3 na 3 na 2, jumla 8. HGL, yenye Kiingereza mahali pa Kiswahili, nayo ingekuwa 10 kwa sababu ya ile D.

"CBG hujakatazwa," alimwambia, "ila utasukumana mlangoni na wenye A."

Tuliangalia na vyuo vya karibu, asije akasema tulimfungia. VETA, vyuo vya ufundi stadi, ipo Mtwara na Lindi. Pale Mtwara mjini kuna Chuo cha Utumishi wa Umma na tawi la Taasisi ya Uhasibu, na Naliendele kuna chuo cha kilimo. Kwa astashahada nyingi ufaulu wa masomo manne unafungua mlango, na yeye alikuwa nao saba. Tena akitaka Fizikia yake, Novemba anaweza kuirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alisikiliza yote. Mwisho akasema kidato cha tano, HGK. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa mwaka 2022, na nisiwe mnafiki, hilo lilinifurahisha kuliko mtu yeyote pale bandani.

TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi wa kidato cha tano, hufungua mfumo wa selform kwa muda baada ya matokeo ili mtoto abadilishe machaguo. Nendeni wenyewe, mkae mbele ya skrini. Yule kijana wa stesheneri alikuwa na haraka, na tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa zikawa 65, orodha ni ndefu kama kanga. Akabofya HGL badala ya HGK. Zuhura ndiye aliyeona. Tulirekebisha, tukachapisha nakala, nikaibandika ukutani juu ya cherehani.

Jina lilitoka. Shule ya wasichana, Ruvuma. Fomu ya kujiunga ikaja na orodha yake: godoro, ndoo, jembe, na sketi mbili za marinda. Sketi ndiyo kazi ninayoijua. Nilikata usiku, nikaacha pindo la inchi mbili kwa sababu bado anarefuka, na kiunoni nikaweka mpira kwa ndani ili asihangaike na pini. Alipoijaribu alizunguka mara moja tu, kwa aibu, akauliza kama mama akiiona atasikitika kwamba si nyeupe. Nikamwambia mama yako ameshanunua godoro.

Siku ya kuaga, mwalimu alinionya tena. Kwenye kuomba chuo kikuu hesabu inageuka: A ya kidato cha sita inakuwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na wanataka angalau masomo mawili yenye jumla isiyopungua 4. Huko sasa nyingi ndiyo nzuri. Nikamwomba aandike ukutani, chini ya ile nakala.

Muhula ulipokwisha ripoti ikatumwa kwa simu ya dada. Akanipigia kabla sijanywa chai.

"Kaka, wameandika amekuwa wa 9. Tuchinje au tusichinje?"

Nikamwambia amshike kwanza jogoo, asimchinje, nimtafute mwalimu.